Nusukaputi na Jamaa Zake: Juu ya Maneno ya Dawa za Kulaza

Katika shule zetu mwalimu hupenda kuwapa wanafunzi orodha za maneno yenye maana moja, na mwanafunzi awezaye kuyapanga mengi katika safu moja husifiwa. Katika daftari moja la namna hiyo nimeona safu hii: dawa ya usingizi, nusukaputi, ganzi, afyuni, kasumba, dawa ya kulevya. Mwalimu alitia alama ya sahihi kwa wino mwekundu. Mwalimu huyo namjua vema, kwa kuwa ni mimi mwenyewe, miaka kumi na mitano iliyopita. Leo nataka kuonyesha ya kwamba alama ile haikustahili kutiwa, na ya kwamba safu ile ina madhara kwa watu walio mbali na darasa.

Kosa hili si la mwalimu mmoja. Kamusi ndogo za shule, kwa ajili ya ufupi, hufafanua neno kwa neno: msomaji akitafuta hili hupelekwa kwa lile, na akitafuta lile hurudishwa kwa hili, mpaka asadiki ya kuwa yote ni kitu kimoja. Mimi nadhani kila neno katika safu ile lina kazi yake. Kila moja latuambia ni kitu gani dawa inachomwondolea mtu: macho yake, au maumivu yake, au fahamu zake, au akili yake njema. Hayo ni mambo manne, wala hayachukuliani nafasi.

Kwanza nieleze jambo lililonifumbua macho. Mama yangu mkubwa, mwanamke wa shamba asiyesoma, alipata uvimbe tumboni, na daktari wa hospitali moja ya wilaya akasema yapasa apasuliwe. Mimi nilikwenda naye ili nimsemee, maana kila mtu wa ukoo hudhani mwalimu ajua kila kitu. Mtumishi wa hospitali alimwambia kwa haraka, "Bibi, kesho utapigwa nusukaputi." Mama akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na ile nusu ya pili, mwanangu, ataishika nani?"

Nikacheka, na kucheka kwangu kulikuwa kosa la kwanza. Kosa la pili ni jibu langu. Nalimwambia, "Mama, usiogope, ni dawa ya usingizi tu." Nilidhani nimempa neno laini mahali pa neno gumu, nami sikufikiri ya kuwa mtaani kwetu yuko mtu aliyemeza vidonge vya dawa ya usingizi kwa wingi akafa, na ya kuwa mama aliuosha mwili wa mkewe katika msiba wa pili uliofuata nyumba ile. Kwa mama, nusukaputi ilikuwa kufa nusu, na dawa ya usingizi ilikuwa kufa kabisa. Asubuhi alifunga kanga zake katika bahasha ya kitambaa, akarudi nyumbani. Mwezi na nusu ukapotea, na uvimbe ukazidi.

Aliyemrudisha ni muuguzi mmoja mtu mzima, aliyefika kijijini kwa shughuli zake. Huyo hakutaja nusukaputi, wala dawa ya usingizi. Alisema, "Mama, utalazwa. Kisu hutakisikia. Mtu mmoja atakaa kichwani pako, kazi yake ni kuangalia pumzi zako tu, wala hataondoka mpaka umeamka." Mama akauliza, "Mtu huyo ana jina?" Akaambiwa anaitwa nani. Akakubali, akapasuliwa, akapona. Basi tangu siku ile nimeyatazama maneno haya kwa jicho jingine, na niliyoyaona ndiyo haya.

Nianze na maneno yaliyo mepesi kwa macho: dawa ya usingizi. Kila mtoto ajua ya kuwa dawa ya kikohozi huondoa kikohozi, dawa ya minyoo huwatoa minyoo, na dawa ya mbu huwafukuza mbu. Kwa kanuni hiyo, dawa ya usingizi ingekuwa dawa ya kuondoa usingizi. Lakini sivyo: huleta usingizi, kama dawa ya nguvu iletavyo nguvu, na dawa ya mapenzi iletavyo, kwa madai ya waganga, mapenzi. Kumbe kiungo kile kidogo "ya" hubeba mambo mawili yaliyo kinyume, na msikilizaji huchagua kwa kujua kitu chenyewe kama ni kizuri au kibaya. Kilicho kibaya huondolewa, kilicho chema huletwa.

Yako mahali ambapo uchaguzi huu ni mgumu. Katika nchi za Ziwa Victoria ulikuwako ugonjwa wa malale, uenezwao na mbung'o. Katika Uganda peke yake, kati ya miaka 1900 na 1920, ulikufisha watu wapatao robo milioni. Watu waliita pia ugonjwa wa usingizi. Robert Koch alipokwenda visiwa vya Ssese mwaka 1906 kuwatibu wagonjwa kwa Atoxyl, ambayo iliwapofusha baadhi yao, dawa aliyoichukua ilikuwa ya kupigana na usingizi. Mtu aliyeuguza malale akisikia "dawa ya usingizi" ana haki ya kuuliza: ya kuuleta, au ya kuuondoa? Neno lililo moja, malale, lililojengwa juu ya kulala, liliokoa lugha hapo, maana "dawa ya malale" haina shaka. Nasi tufanye vivyo hivyo upande wa pili: tuseme dawa ya kulaza, au dawa ya kuleta usingizi, kila mahali ambapo shaka yaweza kuingia.

Tena jina hili latumika kwa vitu viwili vilivyo mbali. Kimoja ni kidonge ampewacho mtu aliyekosa lepe la usingizi usiku kucha. Dawa za namna hiyo za viwandani si za zamani sana: klorali ilianza kutumika kuwalaza watu mwaka 1869, na Veronal, ya kwanza katika jamii kubwa ya dawa za kulaza, ilitolewa mwaka 1903. Kitu cha pili ni dawa ya chumba cha upasuaji. Mtu aliyemeza kidonge akitikiswa kwa nguvu huweza kuamka. Aliyetiwa dawa ya upasuaji hata akikatwa haamki. Hapo pana jambo la uzima na mauti. Mgonjwa wa kupasuliwa huamriwa asile wala asinywe, kwa sababu aliyepoteza fahamu aweza kutapika, na matapishi yakaingia mapafuni. Mgonjwa aliyeambiwa "utapewa dawa ya usingizi" hufikiri kwa akili yake ya nyumbani: je, watu hawalali wakiwa wameshiba? Naye ndugu yake mwenye huruma humletea uji alfajiri kwa siri. Neno laini lililokusudiwa kumtuliza ndilo linalomtia hatarini.

Sasa tutazame nusukaputi yenyewe. Nusu ni neno la Kiarabu, tulilokaa nalo siku nyingi. Kaputi ni la Kijerumani, kaputt, maana yake kitu kilichoharibika au kilichovunjika. Wajerumani walitawala Tanganyika tangu miaka ya 1880 hata vita vya 1914–1918, wakatuachia maneno machache: shule ni lao, na hela ni lao. Masikioni mwa watu kaputi ilikwenda karibu sana na kufa. Basi nusukaputi ni kufa nusu, kama mama alivyolisikia.

Wako wasomi walionena ya kuwa neno hili ni la mzaha wa askari, lisilofaa kitabuni. Mimi sikubaliani nao. Neno hili lina ukweli ambao dawa ya usingizi haina, kwa sababu halidai ya kuwa mgonjwa amelala. Lasema amefikishwa mahali katikati, naye hana uwezo wa kujirudisha. Katika chumba cha upasuaji hali ndiyo hiyo. Tangu William Morton alipoonyesha kazi ya etha huko Boston tarehe 16 Oktoba 1846, na James Young Simpson alipopata kloroformi huko Edinburgh mwaka 1847, matabibu wamejua ya kuwa dawa ile ile imlazayo mgonjwa, ikizidi, humwua. Ndiyo maana mtu mmoja hukaa kichwani kulinda pumzi. Aliyeliunda neno nusukaputi, awaye yote, aliijua hatari hiyo. Upungufu wake ni mmoja: lataja nusu inayokwenda, wala halitaji mlinzi wa nusu inayobaki. Swali la mama yangu mkubwa lilikuwa swali sahihi, na jibu lake lipo. Ila neno halikulibeba. Kwa hiyo neno likae katika kamusi, likae katika vitabu vya wauguzi, lakini lisitupwe peke yake masikioni mwa mgonjwa.

Neno la tatu ni ganzi, nalo halistahili kabisa kuwa katika safu ile. Ganzi haina usingizi ndani yake. Mtu akikalia mguu wake muda mrefu, mguu hufa ganzi, na mwenyewe yu macho. Wasomaji wa Biblia walikumbuke lile neno la Ezekieli juu ya akina baba waliokula zabibu mbichi na meno ya watoto. Watoto wale hawakulala. Dawa ya ganzi humwondolea mtu maumivu ya mahali pamoja, na kumwachia fahamu zake zote. Mama mmoja wa kwetu alipelekwa kujifungua kwa kisu. Akachomwa sindano ya mgongoni, na aliyemsemea akamwambia ni sindano ya usingizi. Alipojiona yu macho, anasikia vyuma vikigongana na watu wakisemezana, alilia akiomba waache, akidhani dawa imeshindwa na kisu ki karibu. Kisu kilikuwa kimekwisha kupita, wala hakukisikia. Dawa ilifanya kazi yake yote. Lililoshindwa ni neno. Kama angaliambiwa, "Utatiwa ganzi kutoka kiunoni kwenda chini, utakuwa macho, nawe utamsikia mtoto akilia," angalikaa akiingoja sauti ile kwa furaha.

Hapa pana jambo la ajabu kidogo kwa wapendao asili za maneno. Katika Kenya dawa zilizokatazwa na serikali huitwa mihadarati, neno la Kiarabu ambalo shina lake ni kufa ganzi. Wazungu nao huziita kwa jina litokalo katika Kiyunani, narke, maana yake pia ni ganzi. Basi mataifa mawili, kila moja kwa njia yake, yalitoka katika ganzi ya mguu yakafika kwenye ulevi wa akili. Lakini asili ya neno si maana yake ya leo. Atakayemwambia mgonjwa wa jino, kwa kuringia Kiarabu chake, ya kuwa atatiwa mihadarati, atamwona akitoka mlangoni.

Neno la nne na la tano ni afyuni na kasumba. Haya ni majina ya kitu chenyewe, utomvu wa tunda la mmea mmoja, wala si majina ya kazi yake. Afyuni limetujia kwa Kiarabu, na Waarabu walilipata kwa Wayunani. Kasumba lina jamaa upande wa Bara Hindi, ambako watu wa Gujarat huita kasumbo kinywaji cha afyuni iliyotiwa katika maji. Kuyaweka katika safu moja na nusukaputi ni kama kuweka "muhogo" katika safu moja na "chakula cha jioni". Muhogo waweza kuliwa jioni, lakini si jina la jioni.

Tena kasumba limehama. Kijana wa leo akilitaja hana habari ya utomvu wowote. Ana maana ya mawazo mabaya yaliyomganda mtu hata asiweze kuyaacha, kama tusemavyo kasumba ya kikoloni. Uhamaji huo ni mzuri, kwa maana mwenye mawazo kama hayo kweli ni kama mlevi asiyejua amelewa. Lakini mwalimu amfundishaye mtoto ya kuwa kasumba ni sawa na dawa ya usingizi amempa sarafu iliyokwisha kuondolewa sokoni. Afundishe maana zote mbili, ile ya dukani na ile ya moyoni, na aeleze jinsi moja ilivyozaa nyingine.

La mwisho ni dawa ya kulevya, na hapa ndipo madhara yalipo makubwa kupita yote. Kulevya ni kumfanya mtu alewe, yaani kumwondolea akili yake njema. Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya, nasi waalimu twaiunga mkono, kwa kuwa tumeona vijana wetu wakiharibika. Lakini mofini, dawa kubwa ya maumivu, hutolewa katika afyuni. Mjerumani Sertürner aliyeitenga mwanzoni mwa miaka ya 1800 aliipa jina la mungu wa ndoto wa Wayunani. Mgonjwa wa saratani apewaye mofini kwa kipimo cha tabibu hapewi ili alewe. Hupewa ili maumivu yapungue, apate kulala usiku, na mchana aseme na watoto wake. Huko Uganda hospitali ya kuwatunza wagonjwa wa namna hiyo, Hospice Africa Uganda, imefanya kazi hiyo tangu mwaka 1993 kwa mofini ya maji, mgonjwa akinywa nyumbani kwake. Lakini ndugu aliyefundishwa shuleni ya kuwa mofini ni dawa ya kulevya, basi, humficha mgonjwa chupa yake, akiona aibu. Namna hiyo safu ya maneno iliyoandikwa ubaoni humfikia mtu kitandani, miaka mingi baadaye, na kumwongezea maumivu.

Si mofini tu. Kokeni, ambayo leo yatajwa pamoja na wezi na polisi, ndiyo dawa ya ganzi ya kwanza iliyotumika katika upasuaji wa macho, huko Vienna mwaka 1884. Kitu kimoja, majina mawili, na kila jina kweli mahali pake. Kumbe jina la dawa hufuata kazi iliyopewa, na mkono ulioitoa, na kipimo chake. Orodha ya visawe haina nafasi ya kuandika mambo hayo.

Nitakabiliwa na neno la kunipinga, nami nalijibu. Wako watakaosema: lugha ni mali ya watu, na watu husema "sindano ya usingizi" kwa vyote, wewe ni nani hata uwagawie? Ni kweli, wala sitaki kumkosoa mama wa sokoni. Yeye aseme apendavyo, kwa kuwa asemapo na jirani yake wote wawili wanalijua jambo. Niwakosoao ni sisi tusemao na mtu asiyelijua: mwalimu, mfasiri, mhubiri, muuguzi. Kwetu sisi neno ndilo macho ya msikilizaji.

Nao wafasiri wa kale walitupa mfano mwema. Katika Mwanzo mlango wa 30, Reubeni aliona mashambani matunda ya mmea usioota kwetu, ambao mizizi yake Dioskoride, tabibu wa karne ya kwanza, aliipika katika divai kwa ajili ya watu waliotaka kukatwa. Wafasiri wa Biblia ya mwaka 1952 waliandika tunguja. Tunguja yetu si mmea ule ule, lakini ni wa jamii moja nao, jamii ya nyanya, biringanya na tumbaku, na waganga wetu huitumia kwa dawa. Hawakuokota neno lolote la dawa kutoka katika safu. Walitafuta lililo karibu kwa ukoo na kwa kazi.

Na mfano mkubwa zaidi ni ule wa Yohana 11. Bwana alisema Lazaro amelala, na wanafunzi wakafurahi, wakifikiri usingizi ni dalili ya kupona. Hakuwacheka, wala hakuwaacha na neno lile zuri. Aliwaambia waziwazi. Basi nasi tusione haya kuliacha neno zuri tukiona halikufika.

Kwa hiyo nashauri hivi. Mwalimu afundishapo maneno haya asiulize, "Lipi ni sawa na lipi?" Aulize, "Dawa hii yamwondolea mtu nini, naye yu macho au hayu macho, na nani yupo karibu mpaka kirudi kilichoondolewa?" Kidonge cha usiku kiitwe dawa ya kuleta usingizi. Ya mahali pamoja iitwe dawa ya ganzi. Ya upasuaji mkubwa iitwe nusukaputi, pamoja na maelezo ya mlinzi wake. Dawa ya kulevya liwe jina la matumizi mabaya, lisiwe jina la kila kilichomo katika kabati la tabibu.

Nawaomba wenzangu walio bara waniletee maneno ya lugha zao. Katika lugha nyingi za kusini, kama Kihehe, Kibena na Kinyakyusa, kulala ni kugona. Yamkini wazee wa huko wana neno la kumlaza mgonjwa lisilo na kifo ndani yake wala ulevi. Likipatikana, nitalipeleka kwanza kwa mama yangu mkubwa, nimwulize kama angelikubali.